Lisaa Limoja Nililokupotezea

Obadia mwanangu,

Umetoka hapa dukani sasa hivi kwenda kunyolewa. Salamu naziruka, maana hata robo saa haijapita tangu tuachane, na hali yangu umeiona mwenyewe: miguu inauma, macho mazito, lakini nipo. Karatasi hizi ni za kwenye printa, zile zilizoharibika upande mmoja. Ukigeuza ukakuta nusu ya mkataba wa nyumba ya mtu, usishangae.

Laptopu iko mbele yangu. Nimehakikisha betri imejaa, nimeiunganisha na simu, nimeandika ile mistari miwili ya fundi Weston, na sasa inashusha vitu vyake. Kwa mtandao wa leo itachukua kama lisaa limoja na nusu. Nikasema muda huohuo nikuandikie. Nikijiambia nitakueleza kwa mdomo najijua, nitaishia kukuuliza umepaki soksi ngapi.

Mambo ya kila siku sitayaandika. Iringa kuna baridi, na wewe baridi unaijua, likizo zako zote umezimalizia Isansa kwa bibi. Kufua unajua. Kupika umeshanipita. Kanisani utakwenda ama hutakwenda, hilo ni lako na Mungu wako, ila bibi yako akikuuliza, mimi usinitaje.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya hii mashine, na ya siku moja ya mwaka jana ambayo nilikudanganya.

Nimeliandika hilo mapema ili nisipate nafasi ya kuzunguka. Sasa nianze mwanzo.

Mimi nilipotoka nyumbani nilikuwa na miaka kumi na saba, na wewe ulikuwa tumboni, miezi mitano. Shule nilikuwa nimeshaachia kidato cha pili. Mama yangu siku ile alikuwa shambani anachuma kahawa. Nikasimama mwisho wa mstari na begi langu, nikasema, "Mama, naenda." Hakugeuka. Aliendelea kuchuma, nikasikia punje zinavyodondoka kwenye ndoo. Nilisubiri mpaka gari la mahindi likapiga honi barabarani, nikaondoka. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba maneno alikuwa nayo, ila alijua akigeuka atalia, akaona atasema siku nyingine akiwa ametulia. Siku nyingine hiyo ilichukua miaka sita kufika. Kwa hiyo unaponiona naahirisha mambo, ujue nimeurithi ugonjwa huo. Nisingependa na wewe uuchukue.

Laptopu hii unakumbuka ilivyokuja. Ilikuwa imeshatumika na watu wawili kabla yetu, na kila flashi ya mteja iliyoingia iliacha virusi. Tulikuwa tunachapa barua moja kwa nusu saa. Ndipo Weston akavuka mpaka kutoka Nakonde, akaiangalia, akacheka kwa pua, akaniita mama kwa lugha yao. "Ba mayo, hii siyo mbovu. Imebebeshwa." Akafuta kila kitu akaweka mfumo mwingine, Linux. Mimi nilikaa pembeni kama mtu aliyempeleka mgonjwa theatre. Ilipowaka kwa dakika moja nilidhani ameibadilisha.

Unakumbuka siku ya kwanza aliponiambia niandike neno la siri? Nikaandika, hakuna herufi iliyoonekana, hata kinukta. Nikaandika tena kwa nguvu. Nikaigeuza laptopu chini juu nikaikung'uta, makombo ya maandazi yakatoka. Wewe ulikuwa umeegemea friji la jirani unacheka mpaka umekaa chini. Weston yeye hakucheka. Akaniambia, "Inaandika, ba mayo. Haitaki watu waone. Maliza, bonyeza."

Akanichorea ile mistari miwili kwenye kipande cha manila tukakibandika ukutani. Sudo apt update. Sudo apt upgrade. Nikamuuliza kwa nini miwili, akasema wa kwanza unakwenda sokoni kuuliza kuna nini kipya, unarudi na orodha tu. Wa pili ndio unaobeba mzigo. Ukiandika wa kwanza ukaacha wa pili, umejua bei lakini hujanunua kitu. Akasema fanya hivyo kila Jumapili jioni, siku ambayo hakuna mteja.

Nikamwambia, "Mbona sasa hivi inakwenda vizuri? Si tuiache hivyo hivyo?"

"Awe, hapana, ba mayo. Hii siyo malaria, umeze dozi uache. Hii ni presha. Unameza hata siku unayojisikia mzima, tena hiyo siku ndiyo hasa."

Wewe unakwenda kusomea utabibu, hilo utalielewa kuliko mimi nilivyolielewa. Mimi nililielewa kwa miezi mitano tu.

Mwezi wa sita ulifika na makosa yangu ya kwanza. Ilikuwa Jumatatu, siyo Jumapili. Jumapili nilikuwa nimechoka, mdogo wako alikuwa na homa, nikasema nitafanya kesho. Kesho nikaanza kuapdeti saa nne asubuhi na wateja wamejaa, na betri ile ya zamani ilikuwa imekufa kabisa, laptopu inaishi kwa waya wa umeme tu. Umeme ukakatika katikati. Uliporudi, mashine ikawaka na kioo cheusi chenye maandishi meupe, haiendi mbele hairudi nyuma. Siku mbili duka halikufanya kazi. Mama Sikazwe wa duka la nne kutoka kwetu alikuwa anapita kusudi: "Mama Oba, naona leo mmefunga ofisi ya serikali." Mimi nacheka kwa meno tu.

Weston alikuja akaandika mstari mmoja, akangoja, akaandika mwingine, mashine ikapona. Akaniambia haikuharibika, ilikatishwa katikati ya kazi, ni kumalizia tu ilikoishia. Akaniambia ninunue betri na nisiguse apdeti siku ya kazi. Mimi katika yote hayo nilisikia neno moja: nisiguse.

Alipoondoka nikaingia kwenye mipangilio nikazima. Sikuzima apdeti peke yake. Nilizima kila nilichoona kimeandikwa kwamba kinajiendesha chenyewe. Kiingereza changu ni cha kidato cha pili, lakini neno automatic nalijua, na nilikuwa nimelichukia. Zima, zima, zima. Katika hivyo vyote kulikuwa na kimoja cha kurekebisha saa. Sikukisoma mpaka mwisho. Wiki hizo hizo Weston akahamia Kasama kwa ndugu zake, na namba yake ikawa haipatikani. Nikabaki na mashine isiyoniuliza kitu. Nikaiona ni amani, baba.

Hapo ndipo na wewe ulipoanza kusema. "Mama, brauza hii imezeeka." Nikakujibu sisi wenyewe wazee, mbona tunafanya kazi. Ukasema, "Mama, kuna kurasa hazifunguki vizuri, niache Jumapili niapdeti." Nikakwambia usiguse. Mara ya tatu ulinijia na betri uliyoikuta kwa fundi simu, ya bei ya kuelewana, ukasema sasa umeme hata ukikatika haina neno. Na mimi nilikujibu vibaya mbele ya mteja. Nilisema, "Siku utakapokuwa na duka lako utaapdeti mpaka milango." Mteja akacheka. Wewe uliirudisha betri mfukoni. Nauona ule mkono mpaka leo.

Kumbe shida yangu haikuwa mashine. Niliogopa kuonekana sijui, na mwanangu anajua. Mtu aliyeishia kidato cha pili na ana duka la steshenari mpakani, watu wanamwita madam, wanamletea fomu awajazie, anazoea. Halafu anakuja kijana wake mwenyewe anamwonyesha kidole kwenye kioo.

Sasa ile siku.

Ulikuwa Isansa unamsaidia bibi kuchuma, mguu wake ulikuwa haumpeleki. Ulipoondoka uliniachia vyeti vyako ndani ya faili la bluu ukasema, "Mama, maombi yatumwe wiki hii, usingoje siku ya mwisho." Nikasema sawa. Jumatatu wateja, Jumanne wateja, Jumatano skana ikagoma. Ikafika siku ya mwisho yenyewe, na dirisha la maombi linafungwa saa kumi kamili jioni.

Asubuhi niliwasha laptopu nikaweka saa kwa mkono. Unajua ilivyokuwa: tangu nizime kile kitu, na kale kabetri kadogo ka ndani kamekufa, kila ikizimwa saa inapotea, na mimi kila asubuhi naangalia simu naiandika. Siku zote ilikuwa sawa. Ila simu yangu ilikuwa na laini mbili, ya kwetu na ya Nakonde, kwa ajili ya wateja wa ng'ambo. Siku hiyo ilishika mnara wa ng'ambo ikachukua na saa ya ng'ambo. Wao wako nyuma yetu kwa lisaa limoja. Hapa Tunduma mtoto mdogo anajua hilo. Ukimwambia mtu tukutane saa tano anakuuliza, ya huku au ya kule? Mimi nimeuliza swali hilo maisha yangu yote, na siku hiyo sikujiuliza. Simu ilisema saa mbili, nikaandika saa mbili. Ilikuwa saa tatu.

Nikahudumia watu. Saa nane mchana, kwa saa yangu, nikafungua fomu yako. Nikajaza kila kitu taratibu, jina lako nikalisoma mara mbili. Nikabonyeza kutuma. Kimya. Nikabonyeza tena. Kitufe kinabonyea lakini hakipeleki. Nikafunga nikafungua, nikajaza upya. Mara ya tatu ndipo nikaona juu kabisa kamstari kembamba kanasema brauza hii ni ya zamani mno, tafadhali iapdeti. Kalikuwepo muda wote.

Ilikuwa saa nane na nusu yangu. Nikasema muda upo, lisaa limoja na nusu, unatosha. Kipande cha manila kilikuwa bado ukutani, kimepauka. Nikaandika mstari wa kwanza. Mashine ikarudisha maneno mekundu na manjano. Nikayasoma kwa kidole. Ilisema ile orodha ya sokoni bado haijaanza kutumika, itaanza baada ya dakika arobaini na moja.

Nikashukuru, Obadia. Nilidhani ni kama duka ambalo halijafunguliwa, nimekuta foleni, nangoja. Nikaweka maji ya chai jikoni. Nikamchapia mama mmoja barua ya mirathi. Nikangoja zile dakika arobaini na moja kama mtu mstaarabu.

Orodha ile haikuwa na kosa. Ilikuwa imetengenezwa muda si mrefu kabla, kwa saa ya kweli, na mashine yangu iliyokuwa nyuma iliiona inatoka kwenye saa ambayo bado haijafika. Ilikuwa inaniambia kwa lugha yake: mama, saa yako siyo sahihi. Ningesoma hivyo, ilikuwa saa tisa na nusu ya kweli na nilikuwa na nusu saa. Ningebeba lile faili la bluu nikatembea maduka manne mpaka kwa Mama Sikazwe, nikamwambia, jirani, mashine yangu imenishinda. Angenicheka wiki nzima, na fomu yako ingekwenda.

Dakika zikaisha. Nikaandika tena, safari hii ikakubali. Nikashusha brauza peke yake, ikaingia, nikafungua fomu nikiwa natabasamu. Saa yangu ilisema tisa na dakika ishirini na mbili. Kioo kikasema dirisha la maombi limefungwa.

Nilijua wamekosea. Nilitoka nje na hasira zangu zote, nataka nimwambie mtu. Redio ya muuza mitumba ilikuwa inaongea. Ikasema ni saa kumi na dakika ishirini na tano. Nikarudi ndani nikaangalia laptopu, nikaangalia simu, nikaangalia tena laptopu. Maji ya chai yalikuwa yamekauka sufuriani.

Ulipiga saa moja usiku kwa simu ya bibi. "Mama, imekwenda?"

Nilikuwa na siku nzima ya maneno ya kukuambia. Nikasema, "Baba, mtandao wa chuo ulijaa. Nimejaribu mpaka dakika ya mwisho, ukanikatalia."

Nilisikia jogoo wa bibi nyuma yako, yule anayewika hovyo. Halafu ukasema, "Basi mama. Umejitahidi. Usijisikie vibaya."

Nilivumilia mengi mwaka huo, lakini hilo la usijisikie vibaya ndilo lililonikaa.

Mwezi uliofuata ukaenda Saza kwenye karasha, kusaga mawe ya dhahabu ya watu wengine. Ulisema utakaa mpaka maombi yafunguliwe tena. Ulirudi mwezi wa nne na kucha ya kidole gumba imekufa, viganja vimechanika, na kikohozi kikavu cha vumbi ambacho mpaka leo nakisikia ukicheka sana. Ukaja na kompyuta ya mezani uliyoinunua, ukaiweka hapa ukasema, "Hii ya duka, mama. Laptopu nitaomba mimi nikienda chuo." Mimi ndiye niliyekupeleka Saza, na wewe umeniletea zawadi kutoka huko.

Siku hiyo hiyo ulikaa na laptopu ukaweka betri mpya, ukarudisha saa ijirekebishe yenyewe, ukaapdeti kila kitu. Nilikuwa nakuangalia kwa jicho la pembeni huku nakata karatasi. Ulisoma kitu kwa muda mrefu kidogo, ukafunga, ukasema, "Mama, chai ipo?" Nikakumiminia.

Maombi ya mwaka huu tuliyatuma siku dirisha lilipofunguliwa, saa mbili asubuhi, ya huku.

Juma lililopita ndipo nilipojua. Nilikuwa nataka kuapdeti mwenyewe, nikaona uvivu kuandika. Weston alinifundisha kwamba ukibonyeza mshale wa juu, mistari uliyokwisha kuiandika inarudi mmoja mmoja. Nikabonyeza, nikazidisha. Nikakuta mstari wa kurekebisha saa, ule wako. Nyuma yake kulikuwa na mwingine nisioujua, wenye neno history ndani. Nikabonyeza nione. Kumbe mashine hii inaandika kila apdeti iliyowahi kuingia, siku yake na saa yake. Nikaona ile Jumatatu ya umeme. Chini yake pengo, mwaka mzima na zaidi, hakuna kitu. Halafu brauza peke yake, siku ya mwisho ya maombi yako, saa tisa na dakika kumi na saba mchana.

Mtandao wa chuo ukijaa, mtu hashushi brauza. Wewe ulisoma hapo. Ulijua tangu mwezi wa nne.

Na wiki mbili zilizopita Mama Sikazwe alikuja hapa kukupongeza, akauliza kwa ule mdomo wake, "Kwani mwaka jana ulikwama nini, kijana?" Wewe hukuinua macho kwenye kibodi. Ukasema, "Mtandao wa chuo ulijaa, mama." Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako. Wakati ule nilidhani bado unaniamini. Sasa najua ulikuwa unanifunika.

Nakushukuru, na nakuomba usinifunike tena. Mtoto asibebe uongo wa mama yake kama mzigo wa karasha. Kilichotokea ndicho hicho nilichoandika. Habari ya saa ulikuwa huijui, ndiyo hiyo. Chuo hakikuwa na kosa, wala mtandao, wala umeme, wala Weston. Niliogopa, nikazima nisichokielewa, nikamzuia aliyekielewa, nikangoja siku ya mwisho, halafu nikaona aibu kusema. Mwaka wako mmoja ulipitia hapo. Siwezi kuurudisha, na sikuombi useme si kitu.

Nimesimama kidogo kumhudumia dereva mmoja wa ng'ambo. Imefika asilimia themanini na moja.

Huko uendako, mashine hii itakusumbua, maana ni kuukuu. Itakuletea kisanduku kikikuambia kuna mapya, na kitufe kitakachokupa ruhusa ya kusema baadaye. Kukibonyeza siyo dhambi. Asubuhi ya mtihani kibonyeze, siku ya kuwasilisha kazi kibonyeze. Ila jiulize baadaye hiyo ina siku? Yangu haikuwa nayo. Ukiona ukurasa wowote unakuambia, "Brauza yako imezeeka, shusha mpya hapa hapa kwetu," usishushe. Mimi nilishawahi kushusha, na kilichoniokoa ni kwamba kile kirusi hakikujua Linux kikabaki kinashangaa. Chukua vitu sokoni kwake, kwa mistari ile miwili. Na ikikuandikia maneno mekundu, yasome mpaka nukta ya mwisho. Usiyaogope, na usiyatafsiri jinsi roho yako inavyotaka, kama nilivyofanya mimi na zile dakika arobaini na moja.

Siku moja utaharibu kitu. Pengine siyo kompyuta, pengine ni dawa ya mtu, kipimo cha mtu, utakuwa umechoka na foleni ndefu. Moyo utakutafutia mtandao uliojaa. Ndiyo maana nimeandika yote haya. Nenda ukamwambie mkubwa wako siku hiyo hiyo, wakati bado kuna nusu saa.

Na kama wa kumwambia humwoni, nipigie mimi. Kuharibu najua, sitakushangaa.

Jumapili jioni nitakuwa naapdeti ile ya mezani. Kama na wewe utakuwa unaapdeti yako, nipigie tuifanye pamoja. Mdogo wako ameshasema yeye ndiye atakayekuwa anabonyeza ile Y ya kukubali.

Nilipanga barua hii niikunje niiweke chini kabisa ya begi, ndani ya lile faili la bluu, uikute Iringa ukiwa umeshafika, na mimi niko mbali nisione uso wako. Nimefika hapa nikajiona. Ni kile kile kitufe cha baadaye.

Kwa hiyo siiweki kwenye begi. Ukirudi kutoka kunyolewa nitakupa mkononi, tutafunga mlango wa duka, utakaa kwenye kile kiti cha wateja usome mimi nikiwa hapa. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Ukitaka kusema, nitageuka nikuangalie.

Imemaliza. Inauliza iwake upya sasa au baadaye, nami nimebonyeza sasa. Nakusikia unamsalimia muuza mitumba pale nje.

Mama yako.